Kichwa Kilichobaki Mtoni

Julai ile ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae, na Placide, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, kutoka Lweba, akabaki na mikono miwili isiyo na kazi. Mkewe Arlette alikuwa na mimba ya miezi saba. Wakapanda milimani, juu ya Fizi, kwa wazazi wa Arlette, ukoo wa wawindaji ambao kwao samaki ni chakula cha wagonjwa.

"Muntu ya mayi," shemeji yake Jérémie akamwambia siku ya pili, "huku haiko kuvuta kamba na kuimba. Kesho tunaenda ku pori. Nyama yako ya kwanza utaua weye mwenyewe, utapika weye mwenyewe, baba atakula. Kama hakule, ungali mugeni tu."

Placide akacheka, na alicheka kwa woga. Huyu ni mtu ambaye mawimbi ya Tanganyika yalishamvua suruali mara mbili, na mara zote mbili alirudi nchi kavu akipiga mluzi. Lakini ziwa unaliona lote. Pori ndilo linalokuona wewe.

Asubuhi wakatandaza nyavu za kamba nene kati ya miti, na hilo angalau alilijua. Jérémie akazungukia juu na mbwa wake mwenye kengele ya mti shingoni, mbwa ambaye, kwa kiapo cha Jérémie, aliwahi kunusa chui aliyekuwa mbali kule Kalemie. Placide akabaki peke yake na rungu. Kengele ikalia, majani yakachanika, kitu kikajitupa wavuni mbele ya miguu yake. Akapiga akiwa amefumba macho. Akapiga tena. Alipofumbua, kimya.

Kengele ilikuwa inazidi kwenda mbali. Mbwa amepata nguruwe pori.

"Shemeji!" sauti ya Jérémie ikasikika ng'ambo ya bonde. "Babua, kata, peleka nyumbani! Mi nakuya!"

Placide akamburuta mnyama hadi kwenye kijito. Alikuwa mdogo, saizi ya mbuzi mchanga. Shida ikawa kichwa. Samaki hana kope. Ukimtoa majini anatazama popote, hakutazami wewe. Huyu alikuwa na kope ndefu nyeusi kama za binadamu, na jicho moja lilikataa kufumba. Placide akakigeuza kichwa upande wa pili. Alipomaliza kunoa kisu, jicho lilikuwa limemgeukia tena; hivyo ndivyo alivyoapa baadaye. Akakata kichwa, akakata miguu, akavitupa vyote mtoni. Kisha akawasha moto, akababua manyoya yote, akakata vipande na kukimbia navyo begani.

Nyumbani akabandika sufuria katikati ya kiwanja, mawese, nyanya, pilipili. Hakujua nyama inataka muda gani, akaipa muda wa ndagala; akaona bado inapigana na kisu, akaiongezea kuni. Arlette akaja, akachota mchuzi na kipande, akatafuna, akameza.

"Chumvi haitoshe." Akatia chumvi. "Sasa iko muzuri, bwana yangu."

Mzee Alphonse, baba mkwe, akanawa mikono akaketi. Mbele yake paliwekwa sufuria, na kando ya sufuria jani la mgomba, tupu. Mzee akaliangalia lile jani.

"Kichwa iko wapi?"

"Nilitupa, baba."

"Miguu?"

"Nayo pia, baba."

"Ngozi?"

"Nilibabua."

Mama Anastasie, mama mkwe, akaweka kiganja mdomoni.

"Mukwe wangu," mzee akasema polepole, "mu nyumba hii nyama inakaa na kichwa yake hapa pa jani, kila muntu aone anakula nini. Sisi hatukulake pongo, ile ya madoa meupe. Nkambo yetu, babu ya zamani, alikula, ngozi ikamutoka madoa, na batoto yake wote bakazaliwa nayo. Ile yako ilikuwa na madoa?"

Placide akajaribu kukumbuka. Alikuwa amefumba macho. Na alipofumbua, jua lilikuwa linapenya majani; kila kitu kilikuwa na madoa, hata mikono yake mwenyewe.

"Sijue, baba."

"Nani alishakula?"

Arlette alikuwa bado ameshika mwiko. Mkono wake wa pili ulikuwa tumboni.

Placide alikuwa ameshatoka mbio kukitafuta kile kichwa.

Njia ile hakuna anayeipita peke yake bila kuimba, ili wenye bunduki, wakiwepo, wajue ni raia. Akaanza wimbo wa kanisani; maneno yakampotea. Akaimba jina la Arlette. Aliyemjibu ni ndege mmoja, naye akanyamaza kama aliyezibwa mdomo. Jua lilikuwa bado juu, lakini chini ya miti palikuwa kijani-cheusi, na kila shina lilikuwa na kope.

Kijitoni, pale alipokitupa, hapakuwa na kitu. Halafu uvuvi ukamkumbuka. Akadondosha jani majini, akalifuata: likapita jiwe, likapinda, likazunguka mara tatu na kuingia chini ya mizizi, kwenye maji yaliyolala. Akainama. Jicho lilikuwa pale, linamwangalia.

Na nyuma ya jicho, kenge. Kenge wa urefu wa mtumbwi, msimbishie Placide. Meno yamekishika kichwa kwa shavu. Placide akavua shati, akalirusha kama anavyorusha wavu, likamfunika kenge kichwa. Akavuta. Kenge akavuta. Mkia ukamchapa mapaja hadi akapiga kelele ambayo, inasemekana, iliamsha mbuzi wa Mboko, chini kule ziwani. Shavu likachanika, naye akaanguka chali na nusu ya kichwa kifuani.

Alipofika kiwanjani hakuna aliyekuwa amekaa. Hata Jérémie alikuwa amerudi, mikono mitupu, wala hakuleta mzaha. Mzee akakipokea kile kichwa, akakiweka juu ya jani, akakifuta matope. Akatafuta madoa ya shavuni. Upande mmoja shavu halikuwepo. Akageuza wa pili. Kidole chake kikapita chini ya jicho, taratibu, kikarudi, kikasimama kwenye mchirizi mweusi wa ngozi.

"Pongo haikuwake na hii," mzee akasema. "Iko mboloko. Kaswala ka musitu tu."

Mama Anastasie akalia kwa sauti. Jérémie akaketi chini palepale alipokuwa. Mzee akamega bugali, akachukua kipande, akatafuna. Akatafuna muda mrefu.

"Mukwe, hii umepika ao umeitisha na moto tu?"

Lakini akameza. Kisha akakigeuza kichwa juu ya jani, kikamwelekea Placide.

"Sasa kula. Na uiangalie."

Placide akala. Arlette akataka kulifunika lile jicho kwa kijipande cha jani. Mama yake akakiondoa.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana, wakamwita Tania. Ngozi safi, hata doa moja hakuna. Ila bamama wa Lweba wanasema hawajaona kichanga mwenye kope ndefu namna ile, na akiamka hatazami kwingine ila kwa baba yake.