Karoti za Saa Nne

Saa nne asubuhi, wakati wachumaji wanapotua vikapu na kumimina chai kutoka kwenye chupa, Aluoch aliingia chumba cha boila cha kiwanda kimoja cha majani ya chai upande wa Sotik, akamfungulia mumewe viganja. Vilikuwa na rangi ya karoti. Oyugi, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha boila magogo ya mikaratusi, alivua glavu, akavisugua kwa kidole gumba. Rangi haikutoka.

"Umekula nini, Mama Nelvine?"

"Mimi? Uji tu, Baba Nelvine. Ni wale wa hospitali. Leo wamekipatia kile kipande changu karoti."

Oyugi akaelewa. Miezi kadhaa nyuma, daktari wa hospitali kubwa alikuwa amekata kipande cha uvimbe ulioota kwenye titi la Aluoch, akakipima. Jibu lilikuwa kansa, na dawa ilikuwa imekwisha. Arudi mwezi ujao. Alirudi mwezi ujao, akaambiwa arudi mwezi ujao. Kipande chenyewe hakikutupwa. Kilipelekwa maabara, kikagawanywa kwenye visahani, kikawa kinapashwa joto na kulishwa kwa wakati kama mwana wa pekee. Kila kilicholishwa, Aluoch alikionja mdomoni akiwa katikati ya shamba la chai.

Loice, sista wa zahanati ya shamba, hakuona cha kushangaza. "Hiyo ni utafiti," alisema. "Wanajaribu ile kitu hufanya karoti ikuwe na hiyo rangi. Halafu iko ndugu yake, wa ukoo wa vitamini A. Hiyo ndio kali. Ukisikia uchungu kwa ulimi, jua wameileta."

Chepchumba, aliyechuma mstari wa pili, alitaka tu kujua kama rangi hiyo itashika majani, wasije wakarudishiwa vikapu.

Uchungu ulifika ulimini mwa Aluoch wiki iliyofuata. Aliketi chini, akasikiliza. Tangu mwanzo alizihisi zile seli kwenye visahani zikikimbizana na kuzaana bila adabu, kama darasa ambalo mwalimu wake hajafika. Sasa zilikuwa zinatulia moja baada ya nyingine. Kila moja ilikumbuka kwamba ilizaliwa titini, na kwamba kazi ya titi ni maziwa. Kwenye kisahani kimoja hata tone la maziwa likatokea.

"Zile za huko zimetulia," alimwambia mumewe jioni. "Hii yangu ndio haijasikia."

Ni kweli haikuwa imesikia, maana uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa hata limepewa dawa likaikataa.

Wakaenda hospitali wote wawili. Daktari Ogari wa maabara aliwapokea vizuri. Alikuwa kijana mpole, na aliwavutia viti kwa mikono yake mwenyewe.

"Sahani ya mwisho, pale kwa dirisha, imekauka," Aluoch akamwambia.

Daktari alikwenda kuangalia, akakuta ni kweli, akashukuru.

"Basi nipee mimi pia, daktari. Ile chungu."

"Mama, hiyo ni ya seli. Kwa sahani inafanya kazi, lakini kwa mtu hatujui. Inaweza kuharibu maini. Bado haijafika kwa watu."

"Na hizo seli si ni mimi?"

Daktari alikuwa mtu wa huruma, na machozi yalimlengalenga. "Zikishatoka kwako, mama, ni za maabara."

"Na dawa ya watu?" Oyugi akauliza.

"Imekwisha. Jaribuni mwezi ujao."

Umeme ukapotea wakiwa hapo hapo. Jenereta ya maabara ikanguruma mara moja ili seli zisipate baridi. Huko wodini, wagonjwa walijivutia blanketi.

Aluoch alifariki katikati ya mvua za masika, akazikwa kwao kando ya ziwa. Oyugi alilia mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu alimpenda sana. Kisha akarudi kazini, maana boila haina matanga.

Jioni moja, giza likianza kuingia, Aluoch aliingia chumba cha boila, kitambaa chake cha kichwa kimeganda barafu, meno yakigongana.

"Utafiti umeisha," alisema. "Wametuweka kwa barafu."

Oyugi alivuta benchi karibu na mlango wa moto, akamkalisha. Weldon, msimamizi wa zamu, alipita, akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee, huyu mama hana kofia. Hapa ni mahali ya chakula."

Akaletewa kofia nyeupe.

Tangu hapo alikuja kila jioni. Baadhi ya seli zilipotolewa kwenye barafu na kupelekwa maabara za ng'ambo, yeye ndiye aliyeleta habari zake.

"Bado wanazipatia karoti?"

"Saa nne, bila kukosa. Zinakula kushinda Nelvine."

"Na zimepona?"

"Zimepona kabisa." Aluoch alinyoosha mikono kwenye moto. "Ni mimi tu nilikufa."

Oyugi akatupa gogo lingine motoni.

Mvua zilipokwisha, saa nne asubuhi, Chepchumba aliingia na kikapu chake mgongoni. Kule hospitali walikuwa wamemkata kipande kidogo cha titi. Dawa ilikuwa imekwisha. Arudi mwezi ujao. Akafungua viganja.

"Baba Nelvine, hii ni karoti ama ni ile ingine?"

Oyugi alivua glavu, akavisugua kwa kidole gumba.

"Ni karoti," akasema.

Jumamosi hiyo aliomba mbao mbili kwa fundi wa kiwanda, akaongeza urefu wa lile benchi la karibu na moto.