Nyanya za Siku ya Nne

Jumatatu, tarehe 14 Machi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu mepesi yakidondoka bila upepo, nilishuka kutoka katika lori la shule mbele ya shamba la nyanya. Nilikuwa na makreti arobaini matupu na neno nililokuwa nimelitoa. Mimi ndiye mwalimu msimamizi wa chakula. Nililelewa bwenini tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na huko nilifunzwa kwamba mtu hupimwa kwa neno lake. Nami nilikuwa nimemwambia mkuu wa shule kwamba tuachane na dalali anayetuletea nyanya zilizochoka, tununue kwa mkulima mwenyewe. Alinipa safari moja: lori likirudi tupu, dalali anarudi.

Mwenye shamba, mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, alikuwa akitungoja langoni. Wachuuzi humwita Siku Saba.

"Shikamoo, shangazi," dereva akamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, karibu. Ila nyanya sikupi leo."

Nyuma yake mistari yote ilikuwa imeiva, nyekundu hadi uzioni.

"Tulikubaliana Jumatatu, mama."

"Tulikubaliana. Alhamisi nikaona funza, nikapiga dawa. Dawa hii inataka siku saba kabla ya kuchuma. Leo ni ya nne."

"Mvua imeshaziosha."

"Mvua ingetosha, mwenye kiwanda asingeandika siku saba. Angeandika mvua moja."

Hapo ndipo nilipokosa. Nilimwambia, dereva akisikia, kwamba uongo wa namna hiyo naujua: dalali amempandishia bei, sasa dawa inasingiziwa.

Hakupaza sauti. Aliingia katika banda la zana, akatoka na chupa ya dawa pamoja na daftari lililofungwa kwa nailoni. Kila mstari wa shamba ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na tarehe, saa na jina la dawa. Kurasa za mwisho ziliorodhesha wanunuzi aliowakataa. Dalali wetu alikuwamo mara tatu, ya mwisho ikiwa jana.

"Aliniambia nyanya haina mdomo wa kumsema mtu," alisema. "Nikamwambia tumbo la mtoto litasema. Ndiye aliyenipa hili jina. Lina faida yake. Siku hizi hata wezi wanahesabu kwanza."

"Na hizi zilizoiva sana?"

"Kufika Alhamisi nitafukia kreti sita, labda saba."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa. Nimepita mikononi mwa walimu wakali, na nimewasikia wakihubiri uadilifu katika kumbi zenye viti vya mbao ngumu. Sikuwahi kumwona mtu akiulipia kwa mazao yake mwenyewe, asubuhi, bila hadhira.

Nilimpigia mkuu wa shule, simu nikaiweka kwenye spika, nikamweleza yote, pamoja na shutuma yangu. Aliuliza swali moja tu.

"Hana kingine?"

Siku Saba alisikia. "Nina viazi vitamu na maboga. Havijaguswa na dawa. Lakini vibarua wangu wanakuja Alhamisi, kwa hiyo jembe mtashika wenyewe."

"Lete viazi," mkuu akasema. "Nyanya tutazifuata Alhamisi. Dalali nitamwambia asijisumbue."

Nilivua koti. Kwenye tuta la kwanza nilikata viazi vitatu.

"Mwalimu," dereva akasema, "kiazi hakichapwi. Kinafukuliwa."

Siku Saba alicheka hadi akaegemea jembe lake, kisha akanionyesha kuanza mbali na shina na kuingiza jembe kwa ubapa. Viazi nilivyovijeruhi alivitenga katika ndoo: hivyo vipikwe leo, havitalala.

Saa nne lori lilijaa. Dereva alikuwa tayari kwenye usukani, nikamwita ashuke. Bwenini tulikuwa na kanuni kwamba kosa lililotendwa mbele ya watu haliombewi msamaha pembeni.

"Mama," nikasema, "nilikuita mwongo mbele ya huyu. Wewe si mwongo. Nilikosa, na ninakuomba radhi mbele yake."

Alimgeukia dereva. "Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Basi, mwalimu, hatudaiani," akasema, akanipa mkono wenye udongo, nami nikaupokea kwa mikono miwili.