Noël Niliyomuahidi Mama

Tuseme ukweli: miye sina uvumilivu. Nikiteleka maharagi, nafunua sufuria kila saa. Sasa mutu wa namna hiyo umuambie angoje mwili yake ipungue mwaka muzima na zaidi, si ni kumutesa?

Dokta wa Kampala aliniambia vizuri, sitamusingizia. Walikuwa wameshanipasua, tumbo ya chakula wakaikata, ikabaki kadogo. Akakaa pembeni ya kitanda, akasema: "Mama Adeline, mwanzo utapungua haraka. Kisha mwili itasimama. Usiogope. Itashuka tena polepole, mwaka moja, mwaka na nusu." Nikaitika ndiyo dokta, ndiyo dokta. Kumbe kwa kichwa nilishapanga yangu: Noël, sikukuu ya kuzaliwa Yesu.

Noël, kwa sababu ya mama. Mama yangu iko Mungwalu, peke yake, na vita imeharibu barabara yote kutoka Bunia. Magari hayapiti tena. Ni pikipiki tu. Kwenye milima ya matope unashuka, unapanda na miguu, na masasi ya bunduki ikilia unatupa mizigo unaingia porini. Mara ya mwisho nilijaribu, masasi ililia karibu na Nizi. Wenzangu wote walikimbia. Miye nilifika kwenye shamba ya muhogo, magoti ikakataa kubeba uzito yangu, nikakaa chini kama gunia, nangoja kufa. Wauaji walipita upande ingine, ndiyo maana nasimulia. Nilipofika nyumbani Bunia, bwana yangu Laurent akasema: "Hautarudia. Siku utaweza kukimbia, nitakutafutia pikipiki miye mwenyewe." Ndiyo tukaenda Kampala.

Niko na hamu ya mama, sitaficha. Ile hamu inakukamata ukiwa unaosha sahani, unasikia harufu ya moshi ya jiko yake, na iko mbali. Kila siku ya Mungu, siku ya kanisa, alikuwa anapanda kilima kutafuta rezo ya simu, ananipigia: "Adeline, unakuja lini?"

"Noël, mama."

"Noël ya kweli?"

"Ya kweli kabisa." Akaanza kunifugia kuku.

Mwanzo uzito ilishuka kweli. Nguo ikanipwaya. Wamama wa soko yetu ya Mbunya wakaniangalia kwa huruma: "Ekie! Adeline, ugonjwa gani?" Nikawajibu ni ugonjwa ya uzuri. Kila asubui napita kwa depo ya Kahindo, napanda kwenye mizani yake ya magunia. Huyo Kahindo, mufanya biashara wa Butembo, mudomo yake haina mulango. "Weye tena? Leo niandike mahindi ao maharagi?"

Kisha mizani ikasimama. Leo pale pale, kesho pale pale, juma ikapita. Nikaitukana. Nikamuambia Kahindo ameifunga ili aibie wakulima, kidogo tu tukamatane kwa nguo. Na Noël ilikuwa inakaribia.

Hapo kanisa ikatangaza maombi ya amani ya Ituri: kufunga kavu, bila chakula, bila maji. Nikasema Mungu mwenyewe amenifungulia mulango! Naombea amani, napunguza mwili, yote mara moja. Laurent sikumuambia kitu.

Siku ya pili, katikati ya nyimbo, nikaanguka. Kwetu mama akianguka kwa maombi, ni Roho. Hakuna mutu anapiga kelele. Wanakuja kumufunika miguu na kikwembe, wimbo inapanda. Na miye wakanifunika vizuri. Nilikuwa nasikia yote: "Aleluya! Mumuache, Bwana anamugusa!" Nilitaka kuomba maji, ulimi ikakataa kutoka. Nikajua nitakufa hapo chini, watu wakinipigia makofi.

Ni Kahindo, naye alikuwa kwa maombi, alinigusa kipaji ya uso. "Roho gani hii? Mutu amekauka! Maji! Ninyi wote muko vipofu?" Akanipandisha kwa pikipiki, akanishika katikati yake na chauffeur mwenye kuiendesha, mpaka hopitali.

Muganga Fulgence, yule anafuata afya yangu tangu nitoke Kampala, akanitundikia serumu ya maji kwa mushipa bila salamu. Akamaliza, akaanza: "Na tumbo kadogo hivi unaacha maji? Ulitaka kufa? Mwili imesimama, inapumuzika, basi. Itashuka tena. Dokta hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

Nikalia, machozi ikaingia masikio. "Fulgence, mama yangu anazeeka haraka kuliko miye napungua."

Akarekebisha serumu.

Siku ya Mungu mama akapiga. Nilikuwa nyumbani, kwa kiti, Laurent ananipikia uji. Nikasema haraka nisilie. "Mama, Noël sitaweza. Labda ile ingine. Mwili inaenda polepole, na sitaki kufia kwa njia."

"Basi kuku sitamuchinja, atataga," akasema. Kisha: "Na uso? Uso imebadilika?"

"Imebadilika kidogo, mama."

"Haina shida. Miye macho imeisha, Adeline. Hapa kilima Hélène wa jirani ndiye ananishika mukono. Sikukuambia, nilisema utaogopa utaingia barabara." Akapumua. "Uso yako sitaiona tena. Nitakujua kwa kushika mikono. Ilikuwa minene tangu utoto, nilikuwa nakuosha katikati ya mikunjo. Punguza vyote, mutoto wangu, lakini mikono usipunguze."

"Sitaipunguza, mama."

Mukono ile ilishika simu, ngozi yake ilishaanza kuning'inia. Laurent akaleta uji. Nikakula kijiko moja kadogo, nikangoja, nikakula ingine.