Jina la Sikuli Juu ya Mlango wa Posta

Nilikuwa nimesimama tayari kabla sijajua nitaanzia wapi, na ukumbi mzima wa komini yetu ya Vulamba, mjini Butembo, ukageuka kunitazama.

Bwana Zorobabel, aliyeongoza mkutano, alikuwa ameuliza kama kuna mtu anayekataa posta yetu ipewe jina la marehemu Sikuli, aliyekuwa karani wake. Wengi walimkumbuka kwa wema. Miaka ile watu walipokimbia vijiji vya Beni, aliweka barua zao katika gunia, na kila Jumapili alisimama kwenye milango ya makanisa ya Butembo akiita majina, mpaka gunia likawa tupu. Lakini sababu ya kukataa ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Sikuli alikuwa akiwasomea barua wasiojua kusoma, na ilisemekana kwamba aliwasomea uongo.

Aliyesema hivyo kwanza ni mimi.

"Lakini Mama Ornella," Zorobabel akasema, "ni weye mwenyewe ulituambiaka ule mutu ni mwongo. Ongea."

Nilipoyasema hayo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mume wangu Kitsa alikuwa amekwenda Kampala kutafuta bidhaa. Barua yake ilipofika nilijifuta unga mikononi, nikasimama mbele ya kidirisha cha posta nikitabasamu. Sikuli alisoma polepole. Kitsa ameoa huko. Hatarudi. Nisimngoje. Nikamnyang'anya karatasi, nikamwambia amelewa, kisha nikaenda sokoni nikipiga kelele kwamba karani wa posta anatunga maneno ili avunje nyumba za watu. Kwa kulichafua jina lake niliificha aibu yangu. Watu wakaanza kupeleka barua zao kwa masista. Yeye hakujitetea hata siku moja. Tulipokutana kwenye misa alininyooshea mkono wa amani, na mimi nikatazama altare.

Mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini, niliingia masomo ya jioni kwenye parokia. Nilitaka kusoma Zaburi kwa macho yangu mwenyewe kabla sijafa. Nilipoweza, nikaifungua na ile barua. Ilinichukua jioni tatu. Kitsa alikuwa ameoa; alikuwa harudi; nisimngoje. Nilipiga magoti nikaomba mpaka miguu ikafa ganzi. Mungu alinisikia, lakini Sikuli alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Nilimusingizia," nikasema ukumbini. "Barua iko hapa. Nitaisoma mbele yenu."

"Kumbe ile miaka yote ulikuwa unatuuzishia maharagi na uongo mu kitunga kimoya?" akauliza Godelive, jirani yangu wa sokoni. Watu wakacheka. Agar, mjane wa Sikuli, hakucheka.

Nikasoma, nikifuata mistari kwa kidole. Nilisoma "nimeoa", nikasoma "sitarudi". Ornella, binti yangu, ambaye sasa ana watoto wake, alikaa mstari wa pili. Niliona midomo yake imeanza kusogea kabla ya yangu.

Alikuwa akingoja mwisho. Siku ile ya posta alikuwa na miaka sita, ameshika kitenge changu. Sikuli alimtazama, akarudisha macho kwenye karatasi, akamalizia: "Unisalimie Ornella. Umwambie namukumbukaka siku zote." Katika yote aliyoyasoma, hilo peke yake nilimwachia mtoto aliamini. Amekua nalo.

Tangu zile jioni tatu nilijua kwamba neno hilo halimo katika barua. Nilikuwa nimeamua kusoma mpaka sahihi ya Kitsa, kisha ninyamaze. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Unisalimie Ornella," nikasoma. "Umwambie namukumbukaka siku zote."

"Ni byote?" Zorobabel akauliza.

"Ni byote."

Nikakunja karatasi. Agar akawa wa kwanza kuinua mkono kwa ajili ya jina la mume wake.

Jina hilo sasa limeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa posta. Kila Jumamosi ninakwenda kuungama, na ninataja yote ninayoyakumbuka. Mstari ule bado sijautaja.