Ini la Mwonja Juisi

Siku daktari alipotuambia kwamba ini la mdogo wangu limejaa mafuta, nilimgeukia pale pale, mbele ya daktari na nesi wake, nikamuuliza, "Unanywea wapi?"

Maskini, mdomo ukabaki wazi. "Nini, dada?"

"Pombe! Unanywea wapi, tangu lini, na nani anakuuzia?"

Sikuwa na utani hata kidogo. Binti yangu, mtoto wa miaka sita, alizaliwa na mirija mibovu ya nyongo, na ini lake lilikuwa linamfia taratibu tumboni. Kilichobaki ni mtu mzima mwenye afya akubali kukatwa kipande cha ini apewe yeye. Ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata linakua tena. Damu yangu haikuendana na ya mtoto. Ya baba yake nayo ikakataa. Ya mjomba wake, mdogo wangu wa pekee, ikakubali, tukashangilia mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Halafu leo tunaambiwa mjomba mwenyewe ini lake mafuta matupu, kipande chake hakifai. Wewe ungeuliza kwa upole?

Daktari, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti hata umfanyie nini, akaniambia nikae. "Mama, si pombe peke yake inayojaza mafuta kwenye ini. Wapo wengi wenye hali hii na hawajawahi kuigusa." Akatuuliza mdogo wangu anakula na kunywa nini, kisha akamwambia aache soda, keki na vitu vya kukaanga, atembee kila siku, arudi baada ya mwezi apimwe tena. "Mafuta haya yanapungua, mtu akijitahidi," akasema. "Ila mtoto hana muda mrefu wa kusubiri."

Tukarudi kazini. Mimi na mdogo wangu tuna kibanda cha juisi ng'ambo ya kituo cha mabasi: friji mbili, mashine ya kusagia yenye kelele za kuamsha wafu, na beseni kubwa la kuoshea matunda. Mimi namenya na kuuza, yeye anasaga na kuchanganya. Watu wanamwita Ulimi. Kwake hakuna jagi linalotoka kabla hajalionja, na kuonja kwake si kulamba kijiko. Anamimina glasi nzima, anaimaliza, anafumba macho, ndipo anasema "tayari" au "bado". Anadai utamu wa juu ya glasi si utamu wa chini. Upuuzi mtupu! Lakini wateja wanavipita vibanda vingine kuja kwetu, kwa hiyo sikuwahi kubishana naye.

Mwezi ule nilimlinda kama mahabusu. Asubuhi nilimnusa mdomo kabla ya salamu. Mifuko nilimpekua.

"Dada, unanidhalilisha mbele ya wateja."

"Nitakudhalilisha mpaka mwanangu apone. Fungua mdomo."

Soda akaacha, keki akaacha, vya kukaanga akavipa kisogo. Na kwa kuwa sisi ni watu wa matunda, tukaona dawa si tunayo wenyewe? Mchana badala ya chakula nikampa jagi la juisi ya embe. Jioni nanasi na chungwa. Sukari hata punje sikutia. Nilimenya kwa mikono yangu, kwa mapenzi yote niliyonayo, na yeye akanywa kwa utiifu kama mtoto wa shule.

Mwezi ulipoisha tukarudi kwenye kipimo. Daktari aliiangalia picha muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yameongezeka," akasema.

Mdogo wangu akaanza kulia, mwanaume mzima na ndevu zake. "Dada, naapa, sijagusa kitu. Nuse." Na safari hii nilimwamini, na kumwamini kukaniumiza zaidi. Kama angekuwa mlevi ningejua pa kuanzia. Sasa nianzie wapi?

Daktari akavuta kiti karibu. "Hebu nielezeni siku yake nzima, tangu anapoamka. Msiruke kitu."

Nikaeleza mimi, maana yeye alikuwa anapenga kamasi. "Anaamka, anakuja kazini kwa miguu kama ulivyosema. Anaosha mashine, anasaga, anaonja, mimi nauza. Mchana anakunywa juisi yake, hali kitu kingine. Anasaga tena, anaonja..."

"Anaonja nini?"

"Juisi, dokta. Si ndiyo kazi yake?"

"Kiasi gani?"

Mdogo wangu akaonyesha kwa vidole, kutoka mezani kwenda juu, urefu wa glasi. Daktari akaangalia kile kimo, akamwangalia na mwenyewe. "Kwa siku?"

"Kwa kila jagi."

"Na majagi ni mangapi?"

"Inategemea jua, dokta. Likiwaka sana, hayahesabiki."

Daktari akatugeukia wote wawili. "Mbona siku ile nilipowauliza anakula na kunywa nini hamkunitajia?"

Tukatazamana, mimi na mdogo wangu. Jamani, nani angetaja? Ile ilikuwa kazi. Mwashi ukimuuliza amekula nini leo, atakutajia vumbi la saruji?

Basi daktari akachukua kalamu, akachora duara, na ndani yake vitu vidogo kama mbegu za maharage. "Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizohesabika," akamwambia, "na ndani ya chembe kuna hizi. Zinaitwa mitokondria. Ni majiko. Chakula unachokula kinaishia humu, kinachomwa, ndipo unapata nguvu ya kusaga juisi na kubishana na dada yako. Sasa sukari ya matunda, sehemu kubwa inakimbilia ini. Ukila chungwa kwa kutafuna, inafika kidogo kidogo, maana ina nyuzinyuzi zake, na tumbo linajaa mapema. Ukiyakamua machungwa manne ukayanywa kwa mkupuo, ini linapokea mzigo wote kwa pamoja. Majiko yanazidiwa. Kisichochomwa kinageuzwa mafuta, kinawekwa hapo hapo. Na mafuta yakizidi, majiko yenyewe yanaanza kuharibika."

"Hata bila sukari ya kuongeza?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Hata bila hiyo, mama."

Nikainamisha kichwa. Mwezi mzima nilikuwa namjaza mafuta kwa kisu changu mwenyewe.

"Dokta," mdogo wangu akasema huku anafuta macho, "kwa hiyo mimi nina majiko kushinda hoteli nzima, na yote yanatoa moshi?"

Daktari akacheka, na mimi nikacheka nikiwa bado nataka kulia. Akatueleza habari njema ni kwamba mtu akitembea kwa haraka kila siku, misuli yake inajitengenezea majiko mapya, nayo yanasaidia kuchoma mzigo. Akatupa wiki sita. "Ale chakula cha kawaida, kwa kiasi. Mboga, maharage, samaki. Matunda ayatafune. Asijinyime mpaka akakonda ghafla, hilo nalo linaliumiza ini. Mafuta yasipopungua kwa wiki hizo sita, tutazungumza lugha nyingine."

Sikuuliza lugha gani.

Kuonja kwenyewe kukawa kasheshe. Siku ya kwanza alionja akatema kwenye ndoo. Mteja mmoja akamwona, akasema, "Kama mwenye mali anaitema, mimi nikainywe?" Akaondoka na wenzake watatu. Siku ya pili nikaonja mimi, na watu wakaniambia waziwazi kwamba sina ulimi. Nilimjibu mmoja vibaya, hakurudi tena. Mwishowe tukakubaliana: kijiko kimoja cha chai kwa kila jagi, nyuma ya friji, nami nimesimama namtazama. Ajabu ni kwamba juisi ilitoka tamu vile vile. Utamu wa chini ya glasi, eti!

Akawa anatembea, asubuhi na jioni, mpaka viatu vikaisha soli. Binti yangu siku hizo alikuwa amelazwa, tumbo limemjaa maji, hata kusema alisema kwa kunong'ona. Kila nikitoka kumwona nilipita kazini nimwangalie mjomba wake kama yuko hai, hajateleza barabarani, hajapata hata mafua. Roho yangu yote ilikuwa ndani ya tumbo la mtu mwingine.

Siku ya kipimo cha tatu daktari hakuvua miwani. Aligeuza kioo cha kompyuta kututazama sisi, kana kwamba tungeelewa kitu. "Limesafishika," akasema. "Si lote, lakini linatosha. Tunaanza maandalizi leo."

Nikamrukia mdogo wangu, nikamkumbatia mpaka akalalamika nitamvunja mbavu kabla hawajampasua. Nikamwomba msamaha wa kumnusa. Akasema nimeshamnusa sana, nimwache apumue.

Upasuaji ulichukua mchana kutwa. Mimi na mume wangu tulikaa kwenye benchi la korido, na kila nilichotaka kusema kilikuwa matusi au maombi. Daktari alipotoka, nilimsoma mabega kabla hajafungua mdomo. Yalikuwa yameshuka, ya mtu aliyetua mzigo. "Kipande kimeshika kazi," akasema. "Kilianza kutoa nyongo pale pale mezani. Na mjomba naye salama." Mume wangu akakaa sakafuni. Nami nikakaa naye, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta siku ile mtoto alipozaliwa.

Siku chache baadaye wakamtoa binti yangu mipira puani. Niliingia nikamkuta ametulia, anaitazama dari.

"Mama," akasema. "Tumbo linanikwangua hapa."

Nikashtuka, nikaita nesi, nikaita tena kwa ukali. Nesi akaja, akamgusa, akamuuliza maswali mawili matatu, kisha akanigeukia anatabasamu. "Ana njaa, mama. Basi."

Njaa! Miaka sita chakula nilimpa kwa kumbembeleza, kijiko baada ya kijiko, namwimbia, namtishia, na hakuna siku alikitaka. Hata hakujua ile hali inaitwaje. Nikamwomba nesi nikamletee uji sasa hivi, akakataa, mpaka kesho asubuhi daktari aruhusu. Mwanangu akasikia, akakunja uso, akaanza kulia kwa sauti, kilio kizima chenye hasira, anataka chakula, anataka sasa.

"Mbembeleze basi, mama," nesi akasema.

"Hapana," nikamwambia. "Niache nimsikilize kidogo."