Dhahabu ya Makuhani

Anatole hakuhitaji hata jiwe la kujaribia dhahabu. Aliigeuza pete mara moja chini ya kioo cha kukuza, akaona wekundu ukichungulia pale ilipolika. Shaba. Shaba tupu, iliyotiwa rangi ya dhahabu kwa mkono wa mtu.

Mwenye pete, mama mmoja mfupi aitwaye Colette, alikuwa amekaa kwenye stuli ndani ya kibanda cha Anatole pale mtaa wa Point, Durban, mkoba mapajani. Alikuwa ameshaeleza shida yake. Pete ni ya ndoa. Marehemu mume wake, Pontien wa Uvira, alimvisha miaka ishirini na mbili iliyopita. Jumamosi binti yao Antoinette anaolewa kanisani kule Berea, na mama alitaka kuivaa iking'aa.

"Itawezekana, fundi?"

Fundi. Durban nzima ilimjua hivyo: fundi wa saa, fundi wa kuchovya hereni. Lakini jina la Pontien lilikuwa limeshamrudisha Uvira, kwenye darasa lenye madirisha yaliyotazama ziwa. Pontien wa benchi la mbele, mrefu, maswali hayamwishi! Anatole alikuwa mwalimu wa kemia enzi hizo, suruali imenyooka kwa pasi, na kila mwaka alianza na makuhani wa Misri ya kale. Alisimulia jinsi walivyojifungia kwenye karakana za mahekalu, wakichanganya mawe, chumvi na moto, wakaandika kwenye mafunjo namna ya kuifanya shaba ifanane na dhahabu. "Hapo ndipo kemia ilipozaliwa," alisema akijidai, utadhani na yeye alikuwapo. Makuhani walikuwa na mawe yao. Yeye alikuwa na unga wa zinki, soda kali na moto. Kipande cha shaba kiligeuka cheupe kama fedha, kisha cha manjano kama dhahabu, na darasa zima likapiga kelele. Ee Mungu, alivyozitamani kelele zile!

Na sasa makuhani wake walikuwa wamemponza. Kijana alijifunza, akaenda kumdanganya mtoto wa watu. Nani atamwambia mjane jambo hilo, tena wiki ya harusi? Afadhali aichovye kwenye dhahabu ya kweli kwa mashine, anyamaze, mama aendelee kumpenda mume wake.

"Nitaipitisha kwenye mashine," alisema bila kumtazama. "Dhahabu nzuri kama hii inahitaji kung'arishwa tu."

Colette akacheka mpaka mkoba ukaanguka.

"Dhahabu gani, Mwalimu? Iko shaba hiyo. Najua."

Miaka kumi na moja hakuna aliyemwita Mwalimu. Anatole aliweka kioo chini.

"Pontien aliniambia siku ile ile ananivisha," Colette akaendelea. "Eti, 'Sina kitu, lakini iko mwalimu wetu alitufundisha kazi ya makuhani ya Misri. Siku nitapata, nitakununulia pete, alliance ya kweli.' Akapata, hapa hapa Durban. Akaileta. Mi nikakataa." Alifuta macho kwa kiganja. "Alikuonaka hapa Point, Mwalimu, mbele ya kugonjwa. Akaogopa kukusalimia, juu ya ile unga aliiba ku laboratoire."

Kopo la zinki! Darasa zima lilifagia uwanja wiki nzima kwa adhabu ya kopo lile lililopotea. Anatole alicheka, kisha akaona machozi yanamtoka na hakujisumbua kuyaficha. Angempa hata makopo kumi, laiti angemsalimia tu.

"Sitaki mashine," Colette alisema. "Fanya vile ulifanyaka mu classe."

Zinki alikuwa nayo. Aliisugua pete, akaichemsha kwenye soda na ule unga, ikatoka nyeupe. Akaiosha, akawasha jiko dogo la gesi, akafunga kifungo cha juu cha shati. Akaishika pete kwa koleo na kumgeukia yule mama mmoja aliyekaa peke yake kwenye stuli.

"Angalieni hapa," alisema kwa sauti kubwa. "Wa nyuma, simameni muone."