Nyuzi za Kumzikia Mama Dina

Generosa, mama yake Dina, alifia kwenye pikipiki, njiani kutoka Mwese alikokwenda kumwona mama yake. Homa ilimkamata huko huko, mvua ikaharibu barabara, na dereva alipofika Mpanda alikuwa amebeba maiti iliyofungwa mgongoni mwake kwa khanga.

Mumewe, Gervas, alikuwa mpiga besi wa kwaya ya kigango cha Kawajense. Besi yenyewe ilikuwa fidla kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mtu, iliyoachwa na padri wa kigeni zamani. Nyuzi zake nne za utumbo wa kondoo zilikuwa zimechakaa, zimechomoza vinyweleo, hazishiki sauti. Kwaya ilishazoea kinanda cha betri. Lakini Generosa alikuwa akiipenda besi, na Gervas aliapa mkewe hatazikwa bila hiyo.

Kesho yake asubuhi alizifungua nyuzi, akaenda nazo Mwamkulu kwa Kashinje, mfugaji wa Kisukuma aliyetengeneza mazeze na kusokota nyuzi zake mwenyewe. Alikwenda kwa hofu. Mwaka uliotangulia, ng'ombe wa Kashinje waliingia kwenye mahindi ya Gervas, naye na wenzake wakawakata mishipa ya miguu kwa mapanga. Sita walichinjwa pale pale. Hakuna aliyejitaja.

Kashinje alimpokea bila kusimama. Alizishika nyuzi moja moja, akazivuta kuzipima.

"Huu mmoja umeisha, utakatika. Hizi tatu bado nzima. Unazika lini?"

"Kesho."

Alichukua wembe, akaanza kunyoa vinyweleo polepole, kisha akasugua kila uzi kwa kitambaa chenye mafuta mpaka ukalainika. Gervas alikaa akimtazama. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mzee Kashinje, wale ng'ombe... mimi nilikuwepo. Nilikata wawili kwa mkono wangu."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mama Dina."

Gervas alidhani amesikia vibaya.

"Alikuja wiki ile ile," Kashinje alisema, wembe ukiwa bado kazini. "Mke wangu alikuwa amelala, hali chakula, hasemi. Mama Dina alipiga magoti hapo mlangoni, akasema, mume wangu ndiye. Akaanza kuja kila Alhamisi. Anateka maji, anampikia uji mgonjwa, mpaka siku tulipomzika."

Gervas alikumbuka Alhamisi zile. Mkewe alikuwa akimwambia anakwenda kwenye sala za jumuiya. Aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, na Kashinje hakumzuia wala hakumfariji.

Kashinje alipomaliza kazi, alimkabidhi nyuzi.

"Zigeuze. Ncha ya juu iwe chini, ili palipolika pasikae tena chini ya vidole. Na usivute kwa nguvu."

"Mzee, naomba unisamehe."

"Hizi nimezitengeneza kwa ajili ya Mama Dina. Wewe sijakusamehe. Nenda ukazike."

Gervas alipiga besi kwenye misa kwa nyuzi tatu. Sauti ilikuwa ya chini, yenye kukoroma kidogo, lakini ilishika, na waimbaji waliifuata. Dina, binti yake, alimtazama baba yake akipiga huku midomo inamtetemeka, akadhani ni majonzi ya kufiwa tu.

Wiki moja baada ya msiba Gervas aliwaita wenzake wa siku ile, akawaambia anakwenda polisi kujitaja. Watatu walimsihi anyamaze. Wa nne, shemeji yake Telesphor, alimwambia, "Ukienda, mimi na wewe basi."

Alikwenda. Alikaa mahabusu siku kumi na moja kabla ya kupewa dhamana, na alipotoka alikuta mahindi yake yamefyekwa yakiwa mabichi. Majirani wa Kawajense waliacha kumsalimia. Kwenye kwaya aliambiwa apumzike kwanza.

Siku ya kesi Kashinje alikuja mahakamani, akaulizwa kama anamfahamu mshtakiwa.

"Namfahamu," alisema. "Ni mume wa Mama Dina."

Kisha akataja ng'ombe wake sita, mmoja mmoja, kwa rangi zao.